Kibao Kilichong'aa Kupita Kiasi

Mpwa wangu anapima vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kibao anachopimia nilikitengeneza mimi. Watu wakisimulia habari zake hulitaja la kwanza na kulisahau la pili, ndiyo maana nimeamua kuandika mwenyewe.

Mimi si mtu wa kujisifu. Naeleza tu mambo yalivyokuwa. Kama yenyewe yananisifu, hilo si kosa langu. Nakereza vyuma tangu siku ambazo kichwa hiki kilikuwa na nywele. Mimi na shule tuliachana darasa la saba, kwa maelewano, lakini mpaka leo wahandisi wenye vyeti ukutani wanakuja karakanani kwangu na michoro mkononi, wakiongea kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Mpwa huyo namwita Sumaku. Ni binti wa dada yangu, mshonaji wa mtaa wa nyuma, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mtoto alipokuwa na miaka minne alikuwa akiachwa kwangu asubuhi, mama yake akizidiwa na kazi. Nikafunga uzi kwenye sumaku iliyotoka ndani ya spika mbovu, nikampa, akawa anaiburuta sakafuni kukusanya chenga za chuma. Siku moja akaniletea kiganja cha chenga nyekundu.

"Mjomba, hizi hazitaki kushika."

"Hizo ni shaba, mama. Shaba ina maringo."

Akaniangalia kama hakimu anayemsikiliza shahidi wa kupangwa. Hakuuliza tena, lakini nilijua jibu langu limekataliwa.

Ni mimi pia niliyemfundisha kupima kopo tupu. Skrubu nilikuwa nazipima kwa mizani, ndani ya kopo la rangi, na sheria yangu ni moja: kwanza kopo peke yake, andika, kisha ndiyo utie skrubu. Usipofanya hivyo unapima bati ukidhani ni skrubu. Mtoto alilishika hilo akapitiliza. Nyumbani akapima bakuli tupu, mkoba mtupu, sanduku tupu la nyuzi la mama yake. Akampandisha paka wa jirani kwenye mizani, kisha akakaa mchana kutwa akiwaza paka mtupu atampata wapi.

Lishike hilo kopo tupu. Tutalirudia.

Sasa ana miaka thelathini na moja na anafanya kazi kwenye maabara iliyo chini kabisa ya jengo la sayansi la chuo, chumba kirefu chenye mabomba darini, tanuri mbili ambazo milango yake hugoma, na mizani iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha kioo kwa sababu hata pumzi yako inaweza kuidanganya. Kazi yake ni kuoka unga. Si wa kula. Unga wake ni nikeli iliyoungana na oksijeni, yaani, kwa lugha ya karakana, kutu ya nikeli. Wao wanaiita oksidi. Anausaga kwenye kinu kidogo cha jiwe, anauoka, anausaga tena, siku tatu mfululizo, mpaka kucha zinageuka kijani. Unga huo ukiwa peke yake ni wa kijani. Ukichanganywa na lithiamu kidogo, ile ya kwenye betri za simu, unakuwa wa kijivu. Lithiamu ikizidi, unakuwa mweusi tii, na umeme unaanza kupita mahali ambapo zamani ulikuwa haupiti.

Kwa nini? Alikuja kunieleza Jumamosi moja, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikinoa patasi.

"Mjomba, chukulia nikeli ni nyumba ya ghorofa."

"Ya nani?"

"Haina mwenyewe. Ina wapangaji, ndio elektroni. Wa chini wametulia, wa juu ndio watembezi. Na jirani yake ni oksijeni, naye ana nyumba yake, na roshani zao zimegusana."

"Hapo lazima pawe na umbea."

"Haswa. Wapangaji wa juu wanavuka huku na huku. Sasa nikitia lithiamu, mpangaji mmoja anahama kabisa. Chumba kimoja kinabaki wazi. Swali langu ni hilo tu: kimebaki wazi nyumba ipi, kwa nikeli au kwa oksijeni?"

"Kagonge mlango uone."

Akacheka akapiga paja. "Ndicho ninachofanya. Nagonga kwa eksirei."

Akaendelea. Kila nyumba ina nguvu yake ya kugongwa. Mwale wa eksirei ukifikia nguvu inayoifaa oksijeni, unamnyanyua mpangaji wa chini kabisa na kumrusha kwenye chumba cha juu kilicho wazi. Mwale unamezwa, mashine inaandika, unapata mchoro wenye milima na mabonde. Ongeza nguvu ufikie ya nikeli, utakuwa unagonga kwa nikeli. Basi kama chumba kiko wazi kwa oksijeni, mchoro wa oksijeni utaota kilima kidogo pale mwanzoni, kabla ya milima mingine, na wa nikeli utabaki ulipo. Kama kiko wazi kwa nikeli, mchoro wa nikeli ndio utakaosogea. Mimi nilielewa mara ya kwanza. Mara ya pili nilimwomba arudie kwa ajili yako wewe unayesoma.

Tatizo lilikuwa Profesa, mkuu wa maabara, mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Miaka yake yote ya kazi alikuwa ameandika kwamba chumba kiko wazi kwa nikeli. Si mtu mbaya. Ni kama mimi, hapendi kusahihishwa na mwanafunzi wake. Sumaku alikuwa amekaa na unga wake miaka sita, na vipimo vidogo vya pale maabara vilikuwa vinamnong'oneza oksijeni, oksijeni. Lakini mnong'ono hauandikwi kwenye tasnifu. Ilibidi aende kwenye mashine ya pete, jengo la duara kubwa kama uwanja wa mpira, ambamo elektroni zinazungushwa kwa kasi mpaka zinatema eksirei kali. Iko nchi nyingine, na watu wanaipangia foleni mwaka mzima. Alipewa siku tatu.

"Nenda," Profesa alimwambia. "Ukirudi na jibu safi nitasaini, hata likinipinga. Ukirudi na fujo, faili hili tunalifunga, na utaanza upya na jambo jingine."

Miaka sita kwa siku tatu. Dada yangu alipoambiwa alishona zipu ya sketi ya mteja juu chini.

Kila anayekwenda kule huenda na kibao chake cha kubandikia unga, basi Sumaku akaniletea mchoro. Shaba tupu, upana wa kiganja cha mtoto. Mbele vituo vinne vya kuwekea unga. Nyuma, katikati, tundu lenye hesi, zile njia za skrubu, ili kifungwe kwenye mkono wa mashine. Tundu lisitokee mbele.

"Unga wako ni wa aina tatu," nikamwambia. "Kituo cha nne cha nini?"

"Cha nne ni kopo tupu, Mjomba."

Siku ile hakuna fundi mtaani kwetu ambaye hakusimuliwa habari za kopo tupu.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa kuruka. Shaba ni laini, inamlevya mtu. Nilikuwa namsimulia muuza vipuri sifa za mpwa wangu, mkono ukiwa kwenye keekee ya kutobolea, na keekee ikatokea upande wa pili. Nikainua kibao, nikaiona sakafu kupitia katikati yake. Shaba nyingine sikuwa nayo, na safari ilikuwa keshokutwa. Nikafunga kibwebwe. Nikakata hesi tundu zima, nikachonga kizibo cha shaba, nikakipigilia upande wa mbele, nikakipiga tupa mpaka kikalingana na uso wa kibao. Kilibaki kiduara chembamba kama unywele, ambacho jicho la mpwa wangu lingekiona kabla hajanisalimia. Basi nikakipeleka kwa jirani yangu anayepaka vyuma nikeli kwa umeme, yule anayeng'arisha mipini ya baiskeli. Nyuma akakipaka nta ili hesi zisizibe, mbele akakizamisha. Kikatoka kinang'aa kama kioo cha saluni, kiduara hakuna.

Ndiyo, nikeli. Nilijua mtoto anatafuta habari za nikeli. Nikajiambia nikeli juu ya nikeli ni ndugu kwa ndugu, watagombania nini.

Sumaku alikuja kukichukua mkoba ukiwa begani.

"Mjomba, mbona cheupe? Si nilisema shaba?"

"Ndani shaba. Juu nimekipaka fedha, kwa heshima yako."

"Fedha?"

"Fedha."

Akakigeuza mkononi. "Fedha haina neno," akasema. "Lakini usingejisumbua." Akanikumbatia, akaenda zake. Nilijitia hamnazo, nikawasha mashine nikakereza kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Simu ikalia Jumanne saa nne asubuhi, siku yake ya pili kule. Dada yangu alikuwa amekuja kunishonea mfuko wa ovaroli, na kwa kuwa sina subira alikuwa anaishona nikiwa nimeivaa, sindano ikipita karibu na mbavu. Nikaweka simu juu ya meza, sauti wazi, asikie mtoto wake anavyomshukuru fundi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Kibao kimewashangaza huko?"

"Kimetushangaza. Sikiliza, muda ni mchache. Nikeli inasogea."

"Si ndiyo unayoipima?"

"Inasogea ovyo. Unga wa kijani, ambao haukutiwa kitu, umesogea kuliko ule mweusi. Nimempigia Profesa, amefurahi, anasema kumbe alikuwa sahihi siku zote, nifunge mizigo. Nilikuwa nataka kufunga."

"Kisha?"

"Kisha nikapima kopo tupu."

Nikahisi sindano imesimama.

"Kituo cha nne hakina unga hata chembe," akasema. "Nimekigonga kwa nguvu ya nikeli, kikaitika. Kwenye fedha hakuna nikeli, Mjomba. Ulikipaka nini?"

Mtu wa kawaida angejibu. Mimi nilimuuliza hali ya hewa ya huko ikoje.

"Mjibu mtoto," dada yangu akasema, na sindano ikasogea upande wa mbavu.

"Nikeli," nikasema. "Ile ya mipini ya baiskeli."

Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kusema. Nyuma yake nikasikia mashine zikivuma, naye akaanza kuhesabu njia kwa sauti ya chini, kama anajisemea. Vibao vya akiba vya pale vilikuwa ndani ya mashine za watu wengine mpaka kesho jioni, na kesho jioni zamu yake imekwisha. Nikeli ikikwanguliwa, vumbi lake litaingia kwenye unga.

"Paka gundi juu ya nikeli," nikamwambia, "kisha ubandike unga."

"Gundi ina oksijeni, Mjomba. Na oksijeni ndiyo ninayoitafuta."

Hapo nilikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema nilikipaka kwa mapenzi, angeniamini, ananipenda. Faili lingefungwa, miaka sita ingekwenda na maji, na jina langu la fundi lingebaki bila doa. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa kutosha kunywa bilauri ya maji.

"Kigeuze," nikasema. "Nyuma ni shaba tupu, ilipakwa nta."

"Naiona. Lakini nikikigeuza nitakifunga na nini? Mbele hakuna tundu."

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Katikati." Nikamwaga mtama wote. "Keekee ilinipita, mama. Ilitokea mbele. Nikaziba kwa kizibo, nikapaka nikeli usikione. Hakuna kilichopakwa kwa heshima yako. Kilipakwa kwa heshima yangu."

Dada yangu akakata uzi kwa meno. "Miaka hamsini namjua," akaiambia simu, "ndiyo kwanza namsikia."

Upande wa pili nikasikia kitu ambacho sikukitarajia, Sumaku anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeona ufa wa mwanga. "Hesi zimefika mpaka mwisho wa tundu?"

"Zangu huwa zinafika."

"Basi nieleze kizibo kinatokaje."

Hapo nikarudi kuwa mimi. Nikamwambia atafute skrubu ndefu, aiingize kwa nyuma, aizungushe taratibu. Itakisukuma kizibo chenyewe mpaka kidondoke. Asikigonge, shaba itavimba. Kisha akipindue kibao, akifunge kwa mbele, na ile nyuma ndiyo iwe uso.

"Halafu piga msasa laini."

"Msasa una oksijeni."

"Kila kitu kina oksijeni huko?"

"Karibu."

"Basi kwangua kwa kisu kikali, kikavu. Acha mikwaruzo, usiilainishe. Shaba laini itaumeza unga ukiukandamiza. Ile nikeli ni ngumu kama sahani, unga ulikuwa umekaa juu juu tu."

"Na mwale ukawa unapenya kwenye mianya na kuigonga nikeli ya kibao," akasema polepole. "Ndiyo maana kila unga umesogea vyake. Asante, Mjomba. Mama, mtoe sindano." Akakata.

Mashine ile inafanya kazi pasipo hewa kabisa, kwenye ombwe. Kuifungua ni dakika chache, kuinyonya hewa tena ni muda wa saa nane. Hakuna cha kuharakisha. Unakaa unatazama namba ikishuka. Mimi niliharibu boliti tatu mchana ule, mchana ambao sikusimulia hadithi yoyote kwa mtu yeyote. Muuza vipuri aliniuliza kama naumwa.

Jumatano alasiri simu ikalia. Dada yangu alikuwa amefika tangu asubuhi, na safari hii hakuja na sindano.

"Nimeanza na kopo tupu," Sumaku akasema, bila hata kusalimu. "Nimeligonga kwa nguvu ya nikeli. Kimya. Mstari umenyooka kama meza yako."

"Meza yangu imepinda," nikasema.

"Basi umenyooka kuliko meza yako. Kisha nikapima unga. Nikeli iko pale pale kwenye aina zote tatu, kama askari wa gwaride. Nikaenda kwa oksijeni. Kijani, hakuna kilima. Kijivu, kimechomoza. Mweusi, Mjomba, kimesimama wima, mpaka mama msimamizi wa mashine amekuja kuangalia."

"Kwa hiyo chumba?"

"Kiko wazi kwa oksijeni. Nimepima mara tatu."

Dada yangu alikaa juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja, akasema kuna vumbi humu ndani. Vumbi lipo, ni karakana. Sikubishana naye.

Kuna jambo moja ambalo Sumaku aliniambia kwa kupita, na ambalo nilimwomba alirudie mara tatu. Yule mama msimamizi wa mashine, anayetembea na funguo kiunoni, alipokiona kibao kimetobolewa mpaka upande wa pili alikisifu. Alisema kwenye ombwe ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu tundu lisilotokea upande wa pili linaficha hewa chini ya skrubu, nayo inavuja polepole na kuchelewesha kila mtu. Akauliza ni nani aliyechora tundu lisitokee. Sumaku akainua mkono, ni yeye. Kwa hiyo, ukitazama kwa makini, keekee ilipotokea mbele nilikuwa sahihi. Nilikosea pale nilipojisahihisha.

Aliporudi alimwekea Profesa michoro yote mezani, ile mizuri na ile ya kwanza ya fujo, akamweleza habari za nikeli ya baiskeli bila kuficha kitu. Nilimwuliza kama alinitaja. Alisema alinitaja kwa cheo. Profesa alishusha miwani ya kwenye paji, akaivaa juu ya ile mingine, akapitia oksijeni, akapitia nikeli, kisha akauliza swali moja tu.

"Na kituo cha nne?"

Akamwonyesha. Kimya kwenye shaba, kelele kwenye nikeli. Profesa akaitazama michoro hiyo miwili muda mrefu, na miaka yake yote ya kuandika nikeli, nikeli, ikapita usoni mwake, hivyo ndivyo Sumaku alivyonieleza. Kisha akachukua kalamu akasaini. Akaomba nakala ya ule mchoro wa kelele, akaubandika kwenye mlango wa ofisi yake, upande wa ndani, mahali ambapo anayekaa kitini hawezi kuukwepa.

Juzi Sumaku ameniletea mchoro mpya, kibao kikubwa zaidi, vituo vinane. Tundu limechorwa likipita moja kwa moja. Pembeni ameandika kwa herufi kubwa: SHABA TUPU, KISIPAKWE CHOCHOTE. Na chini yake, kwa herufi ndogo: hata kwa heshima yangu.

Nimekimaliza jana. Kimefifia kama sufuria kuukuu, roho inaniuma kila nikikitazama, lakini vipimo vyake ukivijua utavua kofia. Kile kizibo cha kwanza alinirudishia, nimekitundika kwa waya juu ya mashine, mahali ambapo wateja hawakosi kukiona. Wakiniuliza nawaambia kimefanya kazi ndani ya mashine ya eksirei, jambo ambalo si uongo. Dada yangu akiwepo, nawaeleza na lililobaki.